Mstari wa Mikorosho ya Mjomba

Ukisimama mlango wa uani nyumbani kwetu Naliendele, ukatazama upande linakochomoza jua, utaona mikorosho miwili. Mmoja uko karibu na jiko la zamani, wa pili umeulalia ukuta wa jirani. Kutoka pale chini ni miti miwili tu, ya kawaida, kama iliyopo kwenye kila ua wa Mtwara. Mwaka jana nilipanda juu ya mnara wa tangi la maji kutafuta bomba lilikokuwa linavuja, na kwa mara ya kwanza nikaiona mingine kutokea juu. Wa tatu uko ndani kwa jirani. Wa nne haupo, ila nafasi yake ipo. Wa tano uko nyuma ya msikiti mdogo, wa sita kwa fundi cherehani, wa saba pembeni ya barabara, umepunguzwa tawi kupisha nyaya za umeme. Yote imenyooka kwenye mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Na mstari huo haufuati mpaka wa kiwanja hata kimoja. Unaukata mtaa kimshazari, kwa huyu unaingilia kona ya choo, kwa yule unatokea katikati ya uwanja wa kuanikia nguo.

Bomba nililiona mapema, lakini sikushuka. Nimezaliwa pale, nimeokota korosho chini ya kila mti kati ya ile, na sikuwahi kujua kwamba ni safu moja.

Niliposhuka nikamuuliza Mama. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, kamba ile niliishika mimi."

Aliyepanda ni kaka yake mkubwa, ambaye sisi wote tulimwita Mjomba bila jina mbele. Ilikuwa miaka ya sitini, Mama akiwa na miaka kama minane. Mjomba alikuwa na kamba ya katani na vigingi, na hesabu yake ilikuwa hatua kumi na sita za miguu yake kutoka mti hadi mti. Mama alishika ncha moja, akaambiwa asisogee hata siafu wakimpanda. Nimepima siku hizi kwa futi ya fundi, kati ya mti wa kwanza na wa pili ni mita 12 na kidogo. Ndiyo nafasi ambayo wataalamu wanamshauri mkulima wa leo, mita 12 kwa 12. Mjomba aliifikia kwa miguu.

Wakati ule pale hapakuwa mtaa. Palikuwa shamba, na mji wa Mtwara ulikuwa mbali kiasi kwamba kwenda sokoni ilikuwa safari ya kuaga. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya arobaini kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa. Hadi leo tuna kata inaitwa Reli na hakuna treni. Kilichobaki kuulisha mji ni korosho, ambazo watu kama Mjomba walikuwa wanazipanda kwa kamba za katani.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Baada ya hapo zikashuka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya themanini, na wazee wa kwetu wanataja sababu mbili bila kufikiri mara mbili. Ya kwanza ni kuhamishiwa vijijini, ambako kuliwaacha wengi mbali na miti yao, mashamba yakashikwa na msitu. Ya pili ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mama anasema maua yalikuwa meupe kama yamechekechewa unga wa muhogo, halafu yanakauka na kuanguka bila kufunga hata punje. Wengi walikata mikorosho wakachoma mkaa. Mjomba hakukata. Alikuwa anatembea kutoka alikohamishiwa kuja kufyeka chini ya miti isiyozaa, mwaka baada ya mwaka. Dawa ilipopatikana, yaani unga wa salfa, utafiti wake ulifanywa palepale jirani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sasa ni TARI Naliendele. Mjomba aliwahi kuona miti yake ikizaa tena. Jambo hilo linanifariji kila nikilikumbuka.

Alipofariki, shamba halikwenda kwa watoto wake. Kwetu Wamakonde, kwa desturi ya zamani, mali inafuata tumbo la mama, inamwendea ndugu wa tumbo moja au mtoto wa dada. Sheria na dini zimeleta taratibu nyingine, na sina ugomvi nazo, lakini ile ardhi ilishuka kwa njia ya zamani ikafika kwa Mama na dada zake. Muda si mrefu mji ukafika pia. Wapimaji walikuja na fito zao za rangi nyekundu na nyeupe, wakachimbia mawe ya mpaka ya zege, na ekari za Mjomba zikawa viwanja. Mama akabaki na kimoja. Vingine viligawiwa kwa ndugu, na vingine wakauziwa watu waliokuwa wanatafuta pa kujenga nje kidogo ya mji.

Mpimaji alifuata barabara aliyoichora yeye. Mjomba alikuwa amefuata mteremko wa maji. Ndiyo maana mistari yao haikubaliani.

Kisheria ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya 1999. Mwananchi anachopewa ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati. Hati ya Mama imeandikwa miaka 33. Nilipomsomea alinyamaza kidogo, akaangalia uani, akasema, "Hii miti imeshaimaliza hiyo."

Sasa niiseme nyumba, maana nayo imetoka kwenye mikorosho, japo si ile ya uani. Mama ana shamba la ekari tatu upande wa Nanyamba. Kila tofali la nyumba yetu limetoka huko. Kusini wengi tunajenga hivyo. Hatujengi kwa mshahara wala kwa mkopo wa benki, tunajenga kwa msimu. Korosho zikishauzwa mnadani na hela ikaingia, nyumba inasogea hatua moja. Halafu inasubiri mwaka mzima.

Msingi ni wa msimu wa 2009. Kuta zilifika lenta 2011, na nyumba ikawa boma, kama tunavyoita nyumba isiyo na paa. Ikabaki boma misimu mingi. Mwaka 2012 mimi nilichaguliwa kwenda kidato cha tano, na Mama hakuwa na hela ya nauli, godoro wala sare. Akaenda kwa mtu wa kangomba. Msiotoka kusini, kangomba ni hivi: mtu anakupa hela wakati wa njaa, korosho zikiwa bado maua, nawe unamlipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei aliyoipanga yeye. Mavuno ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata yakaenda huko. Nilipokuwa narudi likizo nilikuta majani yameota ndani ya kilichopaswa kuwa chumba changu, mpapai umezidi kimo cha dirisha. Mama alikuwa anakula matunda yake. Hakuwahi kuniambia sababu. Niliijua nikiwa tayari mwalimu, kwa Mama Mkubwa.

Ukiingia leo unaweza kuisoma nyumba yetu kwa macho. Kozi za chini ni za tofali za rangi ya kijivu iliyopauka, za saruji iliyokuwa inatoka mbali. Kozi tatu za juu, zilizoongezwa baadaye, zimekoza rangi, maana kiwanda cha Dangote kilianza kazi hapahapa Mtwara mwaka 2015. Bati, kenchi na madirisha yote ni ya 2017. Msimu ule hakuna mtu wa kusini atakayeusahau. Nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na kwenye minada bei ilifika hadi shilingi 4,000 kwa kilo. Mtaani kwetu mafundi wa kupaua walikuwa wanagombewa. Usiku ulikuwa unasikia nyundo, watu wanapaua kwa taa. Tulihamia kabla ya mvua, tukaiacha nyumba ya miti na udongo iliyokuwa uani, ndiyo ile ambayo sasa ni jiko.

Halafu ukumbini kuna mahali plasta inakomea. Inaanza mlangoni, laini kabisa, inafika katikati ya ukuta, inaisha kwa mstari wa wima, na kuanzia hapo ni tofali tupu. Huo ni msimu wa 2018. Wakulima walikataa bei iliyotolewa mnadani, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likaja kubeba. Hela ya Mama ilichelewa sana, na fundi hawezi kungoja na familia yake ina njaa. Ilipokuja, ilienda kwenye madeni ya salfa. Mdogo wangu ameshataka kuumalizia ukuta ule mara mbili. Mimi ndiye ninayemzuia, nikiwa na sababu ambazo yeye anaziona za kitoto.

Ukuta huo, hivyohivyo nusu, uliwahi kuhifadhi watu kumi na saba. Tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na watu wa mabondeni na ufukweni wakaambiwa waondoke, ndugu zetu wa Ufukoni na majirani wawili waliokuwa bado kwenye nyumba za makuti walikuja kwetu na magodoro. Tulikaa macho tukisikiliza bati. Kimbunga kikaangukia Msumbiji, upande wa pili wa Ruvuma, kikawaua watu kule. Kwetu ulikuwa upepo na mvua. Asubuhi tulikuta mti wa kwanza umeangusha tawi juu ya banda la kuku, na jirani wa ukuta akaja na panga kabla hajaitwa.

Nimtaje vizuri huyu jirani, kwa sababu nimewahi kumfikiria vibaya. Alikuja wakati wa gesi asilia. Wanaokumbuka miaka ile ya 2011 hadi 2014 wanajua Mtwara ilivyokuwa: magari ya kampuni, nyumba za wageni zimejaa, madalali wanagonga milango ya watu asubuhi, kiwanja kinauzwa leo na kesho kinauzwa tena kwa bei ya juu. Mei 2013 tukafungiana ndani kwa siku kadhaa wakati mji umechafuka kwa ghasia za kulipinga bomba la gesi. Bomba likajengwa likapeleka gesi Dar es Salaam, magari yakapungua, na nyumba nyingi zilizoanzwa kwa haraka zikabaki maboma hadi leo, zenyewe bila hata mpapai. Jirani alinunua katikati ya joto hilo kiwanja chenye mti wa tatu na wa nne, akamaliza nyumba, na kitu cha kwanza baada ya bati kilikuwa ukuta wa uzio. Cha pili ilikuwa kuukata mti wa nne ili apate pa kuegesha gari.

Mama alilia siku ile. Jirani hakujua kwa nini, na hapakuwa na sheria aliyoivunja. Alikuwa amenunua kiwanja kihalali na kila kilichosimama juu yake.

Lakini ukuta ulifanya jambo kubwa kuliko msumeno. Kabla yake palikuwa na kinjia chini ya mikorosho, kutoka barabarani hadi kwetu na hadi kisimani, na kinjia hicho ndicho kilichokuwa mtaa wetu. Nieleze kwa nini mkorosho unahitaji njia.

Maua hutoka kuanzia Juni, kusi likivuma, na hapo ndipo ubwiri unga hushambulia. Salfa hupulizwa alfajiri, hewa imetulia na umande bado uko majanini, ili unga ushike. Nanyamba shambani unapuliza tu. Mtaani lazima uombe. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama alikuwa anajifunga khanga yake nzuri, anapita nyumba kwa nyumba. "Hodi wenyewe. Kesho tunapuliza. Anueni nguo, funikeni maji, watoto wasitoke mpaka jua lipande." Na palepale mwingine anasema, basi na wangu upulizwe kwa mashine hiyohiyo, shika mchango. Mpulizaji alikuwa anaingia mti wa kwanza anatokea wa saba bila kuzima mashine. Kwa nusu saa mtaa mzima unanuka kiberiti. Tukiwa ndani, madirisha yamefungwa, tulikuwa tunamfuata kwa masikio: sasa yuko msikitini, sasa yuko kwa fundi.

Kisha Oktoba zinaanguka. Korosho haichumwi mtini, unaingoja idondoke na bibo lake, yaani lile tunda lenye maji, unalinyofoa bibo, unaianika. Kwa hiyo suali ni moja tu: imeangukia wapi? Matawi hayajui jiwe la mpaka. Kwetu kanuni ilikuwa kwamba iliyoanguka kwako ni yako, hata kama shina ni la mwenzio, ila asubuhi ya kwanza ya msimu unapeleka bakuli moja kwa mwenye shina. Sijui ilianzia wapi. Nadhani ilianza siku zile viwanja vilipogawanywa, dada watatu wakikwepa kugombana. Waliokuja baadaye wakaikuta, wakaifuata, fundi cherehani anayetoka Songea naye anaifuata. Mabibo hayakuwa na mwenyewe. Hayo ni ya watoto, na kila mtoto wa mtaa ule ana nguo yenye doa la bibo lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Ulipojengwa ukuta, mpulizaji akawa anazima mashine, anazunguka barabarani, anagonga geti. Baada ya misimu miwili akaacha kuingia kwa jirani. Mti wa tatu ukabaki bila salfa, ukaanza kukauka ncha. Korosho za matawi yetu zikawa zinaangukia zege la jirani, zinafagiliwa na takataka. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Tulikuwa tunasalimiana barabarani, shikamoo na marahaba, basi. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba mtaa unaweza kuisha bila ugomvi wowote.

Asubuhi ile baada ya Kenneth, jirani alipomaliza kukata tawi, Mama alimpa chai. Akamuonyesha mstari, jambo ambalo mimi nilisimuliwa baadaye. Hakumlaumu, alimuonyesha tu kwa kidole: ule, ule, pale palikuwa na mwingine, ule. Jirani akasimama kimya. Wiki iliyofuata alitoboa mlango mdogo kwenye ukuta wake, upande wa mti wa tatu. Upana wake unamtosha mtu mwenye mashine ya salfa mgongoni. Mti ule unazaa tena.

Ninayaandika haya kwa sababu mwaka huu zamu ya kukata ilifika kwetu. Mdogo wangu anataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha uani, na hakosei. Mama amezeeka, Nanyamba hafiki tena kwa miguu yake, mshahara wangu wa Masasi hautoshi watu wote, na kodi ya vyumba huja kila mwezi bila kungoja mnada. Fundi alikuja na mchoro. Vyumba vimekaa sambamba na mpaka, vizuri, vimenyooka, na vimepita juu ya mti wa kwanza na wa pili.

Tulibishana siku tatu. Mdogo wangu aliuliza mti mmoja unatoa kilo ngapi, nikasema kumi, kumi na mbili ukiwa umepulizwa. Akaniuliza kumi na mbili mara bei ya mnada ni shilingi ngapi, na chumba kimoja kwa mwaka ni shilingi ngapi. Sikuwa na jibu la hesabu. Nilimwambia apande juu ya tangi. Alipanda, akakaa. Aliposhuka hakusema kitu, alichukua kalamu ya fundi akageuza karatasi upande wa nyuma, akachora viwe vyumba vitatu, vimelala mshazari, vikifuata miti badala ya mpaka.

Fundi alipinga. Alisema nyumba itakaa upande, kona moja itabaki pembetatu isiyo na kazi, na bati zitapotea kwenye kukata. Yote kweli. Tuliongeza bei ya bati. Ile pembetatu Mama ameshaipa kazi, anataka kupanda mche wa kubebeshwa kutoka kituoni, ile mikorosho mifupi inayozaa mapema. Na jirani, aliposikia, akauliza kama mche unaweza kuota mahali palipowahi kuwa na shina la zamani, pale anapoegesha gari. Gari lenyewe aliliuza zamani.

Jumamosi iliyopita tulipiga kamba ya msingi. Fundi alisema aanzie kwenye jiwe la mpaka, mdogo wangu akasema hapana, anzia mti wa kwanza kwenda wa pili, halafu ingia ndani hatua nane ili mizizi isiguswe. Saidia fundi alikuwa hajafika, kukawa hakuna wa kushika ncha ya pili. Mama akainuka kwenye mkeka, akavua ndala, akaenda kusimama kwenye shina la mti wa pili, akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Vuta," akasema. "Sisogei."